Neno refu lina mkia: niliyoongea Jumamosi kwenye klabu yetu ya maneno

Wazazi kadhaa waliniomba niyaandike niliyosema Jumamosi pale ukumbini maana wengine walichelewa daladala na wengine walikaa nyuma kabisa ambako spika haikuwa inafika vizuri. Nimeandika kwa kufuata rekodi ya simu ya mwalimu mwenzangu, kwahiyo ni maongezi kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale niliporudia rudia.

Shikamooni wazee wangu. Wazazi na walezi karibuni sana, walimu wenzangu habari za asubuhi, na nyie wanangu wa fomu wani na fomu tuu, mambo. Naona wengine mmekuja na wadogo zenu, wakae hapa mbele, hakuna shida.

Naomba nianzie mbali kidogo. Mimi darasa la saba nimemalizia kijijini huko Muheza, masomo yote kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe, na hicho Kiingereza tulikuwa tunaimba zaidi kuliko kusoma. Nikachaguliwa sekondari. Kipindi cha kwanza kabisa cha baiolojia mwalimu kaingia, kasalimia, kageukia ubao kaandika CHARACTERISTICS OF LIVING THINGS. Lile neno la kwanza nilikuwa sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Nikalinakili kama mtu anayechora nyumba, naangalia ubaoni herufi moja naandika herufi moja, nikifika katikati nimepotea, sijui nimeishia kwenye A ipi maana zipo mbili, C nazo ziko tatu, nafuta narudi mwanzo. Nikinyanyua kichwa wenzangu washafika mstari wa nne. Siku ile sikujifunza chochote kuhusu viumbe hai, nilijifunza kuogopa neno refu, na ule woga nimetembea nao miaka.

Nilikuja kulihesabu baadaye sana, nikiwa chuo cha ualimu. Lina herufi 15. Na hapo ndo nikaona kitu ambacho kilikuwa wazi muda wote, kwamba ndani yake kuna CHARACTER, neno ambalo nilishalijua kwenye hadithi, afu kuna ISTIC, afu S ya wingi. Vipande vitatu tu. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanambia we mtoto hili sio jiwe moja, hili ni tofali tatu zimepangwa.

Sasa klabu hii tuliyoianza mwaka juzi inafanya kitu kimoja tu. Tunapewa herufi chache, tunatafuta neno la Kiingereza lenye hizo herufi zote ndani yake, na tunatafuta refu kuliko yote. Wapo wazazi walioniuliza, mwalimu huu mchezo unawasaidia nini watoto kwenye mtihani, na swali lao ni la haki kabisa, nitalijibu kwa kuwaonyesha tulivyofanya, sio kwa kuwaahidi maksi.

Kwanza mnaona haya mavizibo ya soda hapa mezani. Hatukuwa na pesa ya kununua seti ya Scrabble, ile gemu ya kupanga herufi kwenye ubao, kwahiyo tukaenda kwa wenye maduka na mama ntilie wa pale stendi wakatuwekea vizibo. Tukaosha, tukaandika herufi kwa maka peni, jasho la mikono likafuta, tukarudia kwa rangi ya kucha na hiyo imedumu mpaka leo. Shida ikawa nyingine. Mimi niligawa sawa kwa sawa, kila herufi vizibo 4, herufi 26 jumla 104, nikaona nimetenda haki. Gemu ya kwanza haikufika nusu saa. Mtoto anavuta anapata Q, X, V, J, Z, W na I moja, anabaki anaviangalia. Na mwenzake anapata hivyo hivyo. Watoto wakakata tamaa na mimi moyo ukaniuma, nikajua kuna kitu sikukielewa.

Nikaenda kusoma ile gemu ilitokaje. Alikuwepo Mmarekani mmoja anaitwa Alfred Butts, mchoraji ramani za majengo wa New York, uchumi ulipoanguka miaka ya 1930 akakosa kazi. Yule bwana alikaa na magazeti akahesabu herufi moja moja, kwenye ukurasa wa mbele E ziko ngapi, A ngapi, Z ngapi. Kwa mkono. Hesabu ile ndo ikaamua idadi za vile vipande vyake. Seti ya Kiingereza ina vipande 100, E ziko 12, A ziko 9, I ziko 9, halafu Q, Z, X, J na K ni kimoja kimoja, viwili havina herufi kabisa vinasimama badala ya herufi yoyote. S akaziacha 4 tu japo kwenye gazeti zimejaa, kwa sababu S ukiipata unaibandika nyuma ya neno la mwenzio unavuna bila jasho. Gemu yenyewe ilikuja kupewa jina la Scrabble mwaka 1948 na James Brunot aliyeichukua kuitengeneza.

Basi na sisi tukafanya hivyo hivyo, ila kabla ya kupaka rangi upya nikawapa watoto kipande cha gazeti la Kiswahili na kipande cha gazeti la Kiingereza nikasema hesabuni. Kwenye la Kiswahili A iliwaacha wengine mbali sana, na Q na X hazikuonekana kabisa, mtoto mmoja alitafuta mpaka kwenye matangazo. Kwenye la Kiingereza E ndo ikawa bosi. Hapo walielewa kwa macho yao kwamba kila lugha ina herufi inazozipenda, na ukitaka kupata maneno yake lazima uijue inapenda nini. Mimi naona hilo somo peke yake lilitosha kulipia vizibo vyote.

Sasa nije kwenye kiini chenyewe. Wiki mbili zilizopita niliandika ubaoni herufi sita: G, H, T, N, L, E. Sheria ni kwamba neno liwe nazo zote sita, mpangilio wowote, unaruhusiwa kuongeza herufi zingine kadri unavyotaka, na neno refu zaidi ndo linaongoza.

Kijana mmoja kaa dakika moja haikuisha kasimama, LENGTH! Herufi sita kamili hakuna iliyobaki hakuna iliyoongezwa, na maana yake ni urefu wenyewe. Darasa zima likapiga makofi. Binti pembeni yake akaongeza EN mwishoni, LENGTHEN, kurefusha, herufi 8. Mwingine akadaka hapo hapo, LENGTHENING, 11. Halafu kutoka nyuma kabisa mtoto mpole ambaye kwa kawaida haongei akasema NIGHTINGALE. Nikamuuliza umelitoa wapi, akasema shangazi yake ni nesi na kule chuoni walisoma habari za Florence Nightingale. Ni jina la ndege pia, herufi 11, wamefungana.

Halafu kimya. Dakika tano, kumi, hakuna kitu. Nikawa nawazungukia naangalia madaftari yao na nikaona wote wanafanya kosa moja lile lile, wanatafuta neno linaanzaje. Wameandika G wanaiangalia, wameandika H wanaiangalia, L, T. Wanasubiri neno lishuke toka juu.

Nikarudi ubaoni, sikuandika kushoto, nikaandika kulia kabisa mwisho wa ubao: NESS. Nikasema angalieni mkia huu. Una N, una E. Herufi mbili kati ya sita zishalipwa. Kabla ya NESS Kiingereza kinapenda kukalisha nini? Wakataja taja, mmoja akasema LESS. Nikaandika LESS mbele yake, LESSNESS. L nayo imelipwa. Zimebaki ngapi? G, H, T. Na hizo tatu nikawaambia msizitenganishe, ni marafiki wa siku nyingi, Kiingereza kinaziweka pamoja kwa mpangilio huo huo GHT, kwenye LIGHT, NIGHT, WEIGHT, THOUGHT, STRAIGHT. Sikumaliza kuongea. Sauti tatu nne kwa pamoja, THOUGHTLESSNESS! Herufi 15. Ni ile hali ya kufanya jambo bila kufikiria wenzako. Na WEIGHTLESSNESS nayo ikaja, 14, ile hali ya kukosa uzito walionayo wanaanga huko juu, mwalimu wa fizikia akasema kumbe hilo naweza kulitumia wiki ijayo.

Jumatatu asubuhi sijafungua hata mlango wa ofisi nikamkuta mtoto ananisubiri na karatasi imekunjwa mara nne. Kaandika LIGHTHEARTEDNESS. Herufi 16. Kaliunda mwenyewe nyumbani, LIGHT, HEART, ED, NESS, moyo mwepesi, halafu akaenda kuuliza kwa jirani mwenye kamusi kama lipo, na lipo. Hakulikariri mahali. Alilijenga kwanza ndipo akalikuta. Nilimshika mkono nikamwambia umenipita, na nilimaanisha.

Wazazi wangu, hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hii kazi ya kujenga neno vipande vipande watoto wenu wamezaliwa nayo. Chukua neno la kawaida tu mama anaweza kulisema jikoni, TULIVYOWASOMESHA. Mnakumbuka tulivyowasomesha hawa watoto kwa shida. Nani kati yetu analiogopa hilo? Hakuna. Lakini hesabuni herufi zake, ni 16, sawa sawa na lile la yule mtoto. Tu, ni sisi. Li, ilishapita. Vyo, namna ile. Wa, wao. Som, mzizi wenyewe. Esha, tumewafanya wasome. Mtoto wa miaka minne analitamka bila kupumua na ukimbadilishia kipande kimoja, mlivyowasomesha, atakavyowasomesha, tulivyosomeshwa, anajua papo hapo nani kamfanyia nani nini na lini. Mzungu anayejifunza Kiswahili akiliona hilo neno jasho linamtoka, anaona ukuta, wakati sisi tunaona mlango, dirisha na kitasa.

Tofauti ni kwamba sisi mzigo mkubwa tunaupakia mbele ya mzizi, nani, lini, nani kafanyiwa, na nyuma tunaweka yale ya kusomesha, kusomeana, kusomeka. Kiingereza kinapakia nyuma zaidi. NESS ni kama ile U yetu ya uzuri na upole, inageuza sifa kuwa hali. LESS ni kukosa. ABLE ni kama EKA na IKA yetu, BREAKABLE ni kinachovunjika. TION inageuza tendo kuwa jina, na imebeba herufi nne kwa mpigo, T, I, O, N, ukipewa herufi zenye hizo nne usihangaike, weka mkia kwanza ndo utafute kichwa. Mbele wanavyo vyao vichache, UN, DIS, RE, OVER, INTER. Basi. Mtu akishika kama mikia ishirini na vichwa kumi, maneno mengi sana marefu ya kitabu cha fomu wani yanafunguka, INDUSTRIALISATION la herufi 17 kwenye historia anaona INDUSTRIAL, ISE, ATION, anajua ni habari ya viwanda hata kabla mwalimu hajaeleza.

Hata lile maarufu ambalo watu wanalitaja taja kwenye maswali ya chemsha bongo, ANTIDISESTABLISHMENTARIANISM, herufi 28, lipange tu. ESTABLISH kusimika, ESTABLISHMENT usimikaji, na Waingereza walikuwa wanamaanisha kanisa lao la Anglikana kusimikwa na serikali, DIS kuling'oa hapo, ANTI kupinga hilo la kung'oa, ARIAN mtu wa msimamo huo, ISM msimamo wenyewe. Yaani msimamo wa waliokataa kanisa litenganishwe na serikali kule Uingereza. Limeisha.

Lile la herufi 45 la ugonjwa wa mapafu linaloanza na PNEUMONO mimi siwafundishi na nitawaambia kwa nini. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo Marekani, na lilitungwa ili liwe refu. Kamusi zililipokea lakini daktari hatakuandikia hilo kwenye cheti. Ugonjwa wenyewe ni wa kweli na unaua, wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe migodini wanaupata, na jina lake la kazi ni silikosisi. Sipendi mtoto akariri herufi 45 kwa ajili ya kutambia wenzake halafu asijue kwamba baba wa mwenzake anakohoa huo huo.

Sasa niseme kidogo kuhusu sheria maana kuna ugomvi ulitokea wiki iliyopita. Tukisema neno lina herufi fulani tunaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti. Chukua A, R, T. Zikikaa bega kwa bega kama zilivyo, DEPARTMENT. Zikifuatana lakini kukiwa na wengine katikati, ABSTRACT. Au zipo tu humo popote, TEACHER. Kabla ya kuanza mchezo semeni mnacheza upi, basi hakuna kugombana. Ule wa pili ni mzuri sana njiani, mnatumia herufi tatu za mwisho za namba za magari, gari likipita linaishia DLN mnatafuta, DISCIPLINE, DEVELOPMENT, kuna binti siku moja akatoa DISCIPLINARIAN la herufi 14 tukiwa bado tumekaa kwenye foleni ile ile, kondakta akashangaa.

Na herufi ngumu msizikimbie, anzeni nazo hizo hizo. Q karibu kila mara itavuta U. X mara nyingi inakaa na E mbele. V na J karibu hazimalizi neno. Ukipewa Q na X kwa pamoja unaweza ukadhani umeonewa, kumbe EXQUISITE ipo, QUIXOTIC ipo, na ukikumbuka mkia ukabandika, EXQUISITENESS, 13. J na V, REJUVENATION. Herufi adimu ina majirani wachache, kwahiyo ndo rahisi kuulizia kwake. Na jambo dogo la mkono tu, usiandike herufi kwa mstari, ziandike kwa duara, jicho likiona mstari linasoma mstari, likiona duara linazunguka na kuanza popote.

Kijana mmoja aliniuliza, mwalimu si kuna programu kwenye intaneti unaandika herufi inakuletea maneno yote, tunahangaika nini? Swali zuri na sikumficha. Zipo, na zinafanya kazi kama chekeche la unga. Kompyuta ina faili la maneno, neno moja kila mstari. Mashine za Apple kwa mfano zimekuwa zikija na faili la maneno zaidi ya 230,000 lililotoka kwenye kamusi ya Webster ya mwaka 1934. Unalimimina lote kwenye chekeche la G, yasiyo na G yanabaki juu unayamwaga, yaliyopita unayapitisha chekeche la H, halafu la T, mpaka sita zimeisha, kilichobaki kwenye sinia unakipanga kwa urefu. Kifaa maarufu cha kuchekecha hivyo kinaitwa grep, alikiandika Ken Thompson kule Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1973 na mpaka leo wataalamu wa kompyuta wanakitumia kila siku. Njia nyingine ni kulipatia kila neno swichi 26, A mpaka Z, zinawaka zile zilizomo. Kompyuta inauliza tu, hizi taa sita ninazozitaka zimewaka zote? Imewaka, chukua, haijawaka, pita, na inamaliza kamusi nzima kabla hujapepesa jicho.

Kwahiyo ndio, itumieni, lakini baada ya kuhangaika. Nimeona tofauti kwa macho yangu. Aliyeletewa listi na simu ameisahau kesho yake. Yule wa LIGHTHEARTEDNESS nina hakika atazeeka nalo.

Vizibo vinatufundisha na kitu kingine, hiki nakipenda mimi binafsi. Chukua vizibo 26 tu, kila herufi kimoja, hakuna kurudia. Neno refu kiasi gani linawezekana? Yanayotajwa sana ni mawili ya herufi 15 kila moja. La kwanza ni UNCOPYRIGHTABLE, kisichoweza kuwekewa hakimiliki. La pili ni DERMATOGLYPHICS, elimu ya ile michoro ya vidoleni, vile vidole mnavyobonyeza mkienda kujiandikisha NIDA au kusajili laini. Njooni baadaye mezani mjaribu, mtaona kila kizibo kinapata nafasi yake hakuna kinachogombewa. Na 15 ndo upana kamili wa ubao wa Scrabble, toka ukingo mpaka ukingo. Lile CHARACTERISTICS langu la baiolojia nalo ni 15. Lingejaza ubao.

Kuna mzazi atasema haya ni mambo ya Wazungu. Novemba 2015 mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza yalifanyika Perth, Australia, na aliyechukua ubingwa ni Mnigeria, Wellington Jighere, Mwafrika wa kwanza kuuchukua, akimfunga Muingereza fainali. Neno lililomaliza kazi lilikuwa FELTY, herufi tano tu, pointi 36. Rais Buhari akampigia simu kumpongeza. Na Wanigeria wamejulikana kwa mkakati wao, wanajua yale marefu lakini wanaweza kuamua kuweka la wastani, herufi nne tano, ili wasiishiwe herufi nzuri mkononi na wasimfungulie mpinzani njia. Kwahiyo wanangu wa timu ya mashindano, kwenye ubao refu sio lazima lishinde, lakini huwezi kuchagua kuliacha kama hukuliona.

Mwaka huo huo 2015 Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na hazungumzi Kifaransa, alikaa kama wiki tisa na kamusi yao akaiingiza kichwani. Namheshimu sana kwa kipaji kile. Ila sisi hatusomi kwa namna hiyo na sitaki watoto hawa wasome kwa namna hiyo, kwa sababu yeye alihitaji umbo la neno tu, maana hakuihitaji, na mtoto wa fomu wani anahitaji vyote viwili, asubuhi ile ile, huku mwalimu anafuta ubao.

Mzazi aliyeuliza kuhusu mtihani, jibu langu ndo hilo. Siwezi kukuahidi daraja. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka huu nilipoingia fomu wani kwa mara ya kwanza niliandika PHOTOSYNTHESIS ubaoni nikageuka kuwaangalia nyuso, na watoto wanne ambao kaka na dada zao wako klabu walikuwa tayari wamelikata kwa penseli, PHOTO mstari, SYNTHESIS mstari, na mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba photo ni ile ile ya picha, kwahiyo itakuwa mwanga mwanga humo. Nikasimama pale na chaki yangu, sikusema kitu kwa muda.

Nimalizie kwa sababu naona uji umeshaletwa na watoto wanaangalia mlangoni. Karatasi zipo pale mezani, kila familia ichukue moja, wazazi pia, hakuna aliyesamehewa. Herufi za wiki hii ni nne tu: W, F, G, D. Mpangilio wowote. Lipo moja la herufi 15, linajaza ubao toka ukingo mpaka ukingo, na ukilipata ukabandika mkia tuliouongelea leo linafika 19. Nimeshawapa kipande chake kimoja humu humu kwenye maongezi yangu. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa chini ya mwembe pale na kopo la vizibo.